Iron Maiden jukwaani London: miaka 50 na bado wanakimbia

Niungame kwanza. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikibishana na watu kwamba hakuna bendi ya hevi metali inayowafikia Iron Maiden jukwaani, ilhali mimi mwenyewe sikuwahi kuwaona hata siku moja. Ushahidi wangu wote ulikuwa kanda ya Live After Death, albamu yao ya 1985 iliyorekodiwa sehemu kubwa Long Beach, California. Na kanda yenyewe ilikuwa nakala ya nakala. Upande wa pili ulianza na mtu anakohoa, na nina hakika mtu yule hakuwa California.

Basi waliposema wanafanya ziara ya kutimiza miaka 50, Run For Your Lives, na kwamba watapiga nyimbo za albamu tisa za kwanza tu, za 1980 hadi 1992, nikaona sasa au basi tena. Nilikwenda onyesho la London Stadium, tarehe 28 Juni 2025. Nilimchukua shemeji yangu, mtu wa rumba, ambaye alikubali kwa sharti moja: asiambiwe avae nyeusi.

Kama una uwezo wa kuchagua mji wa kuwaonea, chagua huu. Steve Harris, mpiga besi aliyeianzisha bendi siku ya Krismasi mwaka 1975, ni mtoto wa Leytonstone, mashariki mwa London, jirani kabisa na uwanja huo. Uwanja wenyewe ni wa nyumbani wa West Ham, timu anayoipenda mpaka nembo yake ameibandika kwenye besi, na ambayo ujanani aliwahi kufanya nayo mazoezi. Baa ya Cart and Horses, walikopiga siku zao za mwanzo, iko Stratford hukohuko, unafika kwa miguu. Sisi tulipita mchana, tukakuta watu wamejaa hadi barabarani, vipara na ndevu nyeupe, wengine wamebeba wajukuu mabegani. Shemeji akaninong'oneza, "Hii si mikutano ya wastaafu kweli?"

Bendi za kufungua zilikuwa The Raven Age na Halestorm. Ya kwanza ina mpiga gitaa ambaye ni mwana wa Steve Harris, kwa hiyo mashabiki hawakosi la kusema kuhusu undugu kazini. Mimi sina neno, kwa sababu tulichelewa. Halestorm nilisikia nusu. Mwimbaji wao, Lzzy Hale, ana koo ambalo nadhani lingefika jukwaa la mwisho hata bila spika.

Halafu ikapigwa Doctor Doctor, wimbo wa bendi ya UFO, kwenye spika. Asiyejua ataona ni muziki wa kusubiria tu. Anayejua anasimama, maana kwa Maiden hiyo ndiyo adhana: ikiisha, wanaingia. Mzee aliyekaa mbele yangu alikunja koti lake vizuri, akaliweka chini ya kiti, akavua miwani na kuifungia kwenye kikasha. Kwenye skrini ikaanza safari ya mitaa ya East London ya zamani, kisha wakaingia na Murders in the Rue Morgue ya 1981.

Hapo ndipo nilipojua kanda yangu ilikuwa imenidanganya. Kwenye kanda, Maiden ni bendi ya magitaa. Uwanjani, Maiden ni besi. Harris hatumii kichapio, anapiga kwa vidole, na ule mwendo wake wa farasi, pigo moja refu na mawili mafupi, taka-ta, taka-ta, huusikii kwa masikio peke yake. Kiti changu cha plastiki kilikuwa kinatetema. Niliweka kiganja kwenye chuma cha mbele yangu nikaweza kuufuata wimbo kwa mkono. Mtu wa miaka 69, mguu mmoja juu ya spika ya mbele, anaielekeza besi kwa watu kama bunduki na kuimba kila neno ingawa maikrofoni iko mbali naye.

Nyimbo nne za kwanza zote zilitoka albamu mbili za mwanzo, enzi za Paul Di'Anno, mwimbaji aliyefariki Oktoba 2024. Bruce Dickinson aliingia bendi 1981, baada ya albamu hizo, na siku zote nimeona anaziimba nyimbo za mwenzake kama mtu aliyeazima suti: imemkaa, ila mabega yanapwaya. Hapa alizitendea haki, hasa Phantom of the Opera. Kwenye Killers alitokea Eddie, lile zimwi lao la tangu albamu ya kwanza, na shoka lake, akimfukuzia mpiga gitaa Janick Gers huku na huku. Ni utoto mtupu. Nilicheka mpaka machozi.

Swali lililonipeleka pale lilikuwa dramu. Nicko McBrain alikalia kiti kile kuanzia mwisho wa 1982. Alipata kiharusi Januari 2023, akajifunza upya kupiga, akaendelea na ziara, na akaaga jukwaa São Paulo Desemba 2024. Nafasi yake kachukua Simon Dawson, ambaye Harris alikuwa naye tayari kwenye bendi yake ya pembeni, British Lion. Niseme ukweli: Dawson si Nicko. Nicko alikuwa na namna ya kuzungukazunguka kwenye ngoma kama mtu anayetafuta funguo gizani, na kila mara anazipata dakika ya mwisho. Dawson hatafuti kitu, anazo funguo mfukoni. Nyimbo zilienda taratibu kidogo, karibu na kasi ya albamu, na kwa kweli The Trooper ilipata faida, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilisikia magitaa yote matatu yanafanya nini. Lakini zile sekunde za kuhofia kwamba gari litaacha barabara hazikuwepo, nami nilizikosa.

Dickinson alikuwa anakaribia miaka 67. Huyu ni mtu aliyetibiwa saratani ya ulimi, ikamalizika 2015, na ambaye miaka ya nyuma alikuwa akiirusha mwenyewe ndege ya bendi kutoka onyesho hadi onyesho. Sauti imezeeka, tusidanganyane. Noti za juu kabisa anaziendea kwa hesabu, nyingine anawaachia watu. Ila pumzi ipo, na anakimbia zaidi ya shemeji yangu, ambaye ana 41.

Kitu kimoja kilichonipunguzia raha mwanzoni ni mwanga. Safari hii wameleta skrini kubwa mno nyuma ya jukwaa, lakini kiangazi cha Uingereza jua halina haraka, na picha za kutisha hazitishi mtu kukiwa mchana. Mambo yalibadilika giza lilipoanza kuingia, na bahati nzuri hapo ndipo wakapiga Rime of the Ancient Mariner. Ni wimbo wa 1984 wa zaidi ya dakika 13, unaotokana na shairi la Coleridge la baharia aliyemuua ndege na laana ikaiandama merikebu yake. Katikati kuna mahali bendi karibu nzima inanyamaza. Inabaki besi, polepole, na mbao za merikebu zinalia. Uwanja mzima ukatulia. Nilisikia mtu, viti vitatu kulia kwangu, anafungua chupa ya maji. Shemeji aligeuka kutaka kusema kitu, akaghairi. Kisha ngoma zikaanza kupanda, na Dickinson akatoa ule ukelele ninaoujua tangu siku za kanda, na nikajikuta nimemshika shemeji bega bila kumwomba ruhusa.

Uongozi wa bendi ulikuwa umeomba watu waweke simu mfukoni. Wengi waliomzunguka mzee wa miwani walitii. Waliokaidi niliwaona, vile viskrini vidogo vinavyowaka chini kule, na kusema kweli niliwaonea huruma.

Malalamiko yangu makubwa ni orodha ya nyimbo. Najua ziara ilitangazwa hivyo. Lakini Dickinson alipoondoka 1993 na Blaze Bayley akashika maikrofoni kwa albamu mbili, wengi walishaizika bendi hii. Kilichoifufua ni 1999, Dickinson na mpiga gitaa Adrian Smith waliporudi kwa pamoja, Gers akabaki, wakawa na magitaa matatu, na mwaka uliofuata wakatoa Brave New World. Kusherehekea miaka 50 bila hata wimbo mmoja wa baada ya 1992 ni kama kusimulia maisha ya mtu ukaishia siku ya harusi. Clansman hakuna. Blood Brothers hakuna. Nilikaa na hasira hiyo mpaka Fear of the Dark, ambapo watu huimba hata sehemu za gitaa, na hasira ikanitoka kwa muda. Wakafunga na Wasted Years.

Kama unafikiria kwenda: chukua tiketi za kusimama kama magoti yanaruhusu. Mimi nilikata ya kukaa kwa uvivu, na kuanzia wimbo wa pili kila mtu alisimama, kwa hiyo kiti nilikilipia koti langu. Ziba masikio kwa vile vizibo vidogo, havipunguzi utamu. Njiani kuelekea stesheni msongamano ni wa kusogea hatua kwa hatua, usipange kuwahi popote.

Nilimuuliza shemeji ameonaje. "Yule wa besi," akasema, "angepiga rumba angeua watu." Sikupata kingine zaidi ya hicho.

Na fulana nunua ndani. Mimi niliikwepa foleni, nikanunua ya kijana mmoja aliyezitandaza chini barabarani, Eddie mzima na tarehe za ziara mgongoni. Nimeifua mara moja. Yamebaki meno.