XCP-ng kwenye seva ya mtumba: ilikuwa ikiganda kila ikipumzika

Dada yangu ana duka la dawa Chake Chake, Pemba, mimi naishi Unguja, Mwanakwerekwe. Seva ya duka nilimfungia mwenyewe: mashine ya mtumba yenye prosesa mbili za zamani, juu yake nikaweka XCP-ng, haipavaiza ya bure iliyojengwa juu ya Xen. Haipavaiza ni programu inayoigawa kompyuta moja iwe mashine pepe kadhaa, kila moja ikifanya kazi kama kompyuta yake peke yake. Ndani yake kuna mashine pepe tatu: ya mauzo, ya stoo, na ya kuhifadhia nakala za kila siku. Naipenda kwa sababu mashine pepe ikiharibika nairudisha kutoka kwenye nakala nikiwa nimekaa nyumbani kwangu, bahari iko katikati.

Lakini miezi minne ya mwanzo sikuwa na raha. Simu ikilia asubuhi najua ni mpwa wangu. "Shikamoo mjomba. Imeganda tena." Feni zinazunguka, taa ya kijani inawaka, lakini saa kwenye skrini imesimama na kibodi haijibu. Anashikilia kitufe mpaka izime, kisha anawasha upya. Safari moja mwenyewe hakuwepo, na dada anaogopa kuigusa mashine ile. Nikapanda boti mpaka Mkoani, nikachukua gari ya Chake, nikaenda kubonyeza kitufe kimoja.

Nilianza kuushuku umeme. Nikabadilisha betri ya UPS, kile kifaa kinachoshikilia mashine umeme ukikatika, haikusaidia. Nikashuku memori, nikaipima usiku kucha, ikapita bila kosa hata moja. Kumbukumbu za mfumo hazikusema kitu: mstari wa mwisho ni wa kawaida kabisa, halafu kimya mpaka ilipowashwa tena.

Aliyeufungua mlango ni dada, na hajui chochote cha kompyuta. Alikuwa akiandika kila mgando kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari la madeni, siku na saa. Nilipomwomba anipigie picha ule ukurasa nikakaa nao muda mrefu. Usiku, baada ya kufunga duka. Ijumaa saa saba mchana, watu wako msikitini. Siku ya Idd. Ramadhani nzima, duka likiwa wazi mpaka usiku mwingi, mgando ulihamia asubuhi, wakati mji mzima umelala. Hakuna hata mmoja uliotokea wakati foleni imejaa dukani. Na kile kipimo cha memori kilichopita vizuri? Bila shaka kilipita, kilikuwa kinaifanyisha prosesa kazi usiku kucha.

Kumbe mashine ilikuwa inafia usingizini.

Prosesa isiyo na kazi haikai macho, hulala kwa ngazi. C0 ni kufanya kazi. C1 ni kusinzia tu, inaamka mara moja. Ukishuka kwenye C3 na C6 vitu vingi zaidi vinazimwa, mpaka umeme wa kiini chenyewe (prosesa moja ina viini kadhaa vya kufanyia kazi) unakatwa karibu wote, na kuamka huchukua muda mrefu zaidi. Kwenye prosesa nyingi za zamani hata saa ya ndani ya kiini, ile ya kukiamsha, husimama kwenye usingizi mzito, na lazima saa nyingine ya kwenye madabodi, bodi kuu ya kompyuta, ije ikiamshe. Mpango huo ukikwama pahala, kiini hakiamki, na kikikwama kimoja mashine nzima inaweza kukwama nacho.

Hapa nilifanya kosa ambalo naona wengi watalifanya, kwa hiyo naliandika kwa kirefu. Niliingia kwenye ile Linux unayoikuta ukiingia kwenye XCP-ng, inaitwa dom0, nikaweka `processor.max_cstate=1`, yaani prosesa isilale kupita C1, kwenye keneli yake, kile kiini cha mfumo, kama ningefanya kwenye Linux yoyote. Siku mbili baadaye simu ikalia. Sababu ni kwamba dom0 nayo ni mashine pepe. Ina madaraka kuliko zile nyingine, lakini prosesa hasa haiishiki yeye, anaishika Xen aliye chini yake. Dom0 ikisema "sina kazi", Xen ndiye anayeamua kiini kilale ngazi gani. Amri inatakiwa ifike kwake.

Nikajaribu kwanza bila kuzima chochote: `xenpm set-max-cstate 1`. Kisha `xenpm get-cpuidle-states`, ambayo inakuonyesha kila kiini kimekaa muda gani kwenye kila ngazi. Nikairudia mara mbili tatu, nikaona C6 imesimama na C1 inapanda. Ila hiyo inapotea seva ikizimwa na kuwashwa, na kwetu umeme ukikatika kwa muda mrefu inazimwa. Ya kudumu ni hii:

`/opt/xensource/libexec/xen-cmdline --set-xen max_cstate=1`

Ukishawasha upya, angalia mstari wa xen_commandline kwenye `xl info` uhakikishe imekaa. Ingewezekana pia kupitia baiosi, ile mipangilio ya mashine yenyewe kabla mfumo haujawaka, lakini baiosi inataka mtu mbele ya mashine, na mimi niko Unguja.

Huu ni mwezi wa kumi tangu niweke amri hiyo, haijaganda tena. Mpwa wangu anapiga simu kwa salamu.

Gharama ipo. Mashine isiyolala inakula umeme zaidi hata duka likiwa limefungwa, inatoa joto zaidi, na UPS haidumu muda iliokuwa ikidumu umeme ukikatika. Pia viini vingine vikiwa macho, kiini chenye kazi hakipati nafasi ile ile ya kukimbia juu ya kasi yake ya kawaida. Kwa programu ya mauzo sikuona tofauti. Mashine yako ikiwa mpya na haigandi, usiziguse ngazi hizi, utalipia umeme bila faida. Na ikiganda katikati ya kazi nzito, tafuta kwingine, dawa hii si yake.

XCP-ng naipa nyota tano, kwa sababu iliniachia kulirekebisha jambo hili kwa mbali, bila kufungua kava. Mwezi ujao naenda Pemba na UPS kubwa zaidi. Ile ya sasa inatosha kuzima mashine kwa utaratibu, lakini dada anataka amalize kuwahudumia wateja walioko dukani kwanza, na ana haki.