Safari za meli kwenye bahari za barafu: ipi ulipie kwanza

Ukitaka kununua safari ya meli ya kwenda Antaktika, usianze na bei wala picha za mgahawa wa melini. Uliza meli inabeba abiria wangapi. Taratibu za huko haziruhusu zaidi ya watu 100 kushuka mahali pamoja kwa wakati mmoja, na meli yenye abiria zaidi ya 500 haishushi hata mmoja. Anayezisimamia ni IAATO, umoja wa kampuni za utalii wa Antaktika ulioanzishwa mwaka 1991. Kampuni isiyo mwanachama wake sikushauri uipe hata shilingi.

Sasa piga hesabu. Meli ya abiria 100 ikitia nanga, mnashuka nyote. Ikiwa na 200, nusu wanashuka na nusu wanazungushwa kwa boti za mpira, kisha mnapokezana. Hilo halina ubaya, maana nyangumi na barafu huonekana vizuri zaidi ukiwa kwenye boti. Ikiwa na 450, kuna makundi manne na zaidi. Unaweza ukapata saa moja ufukweni, na muda mwingine wote wa asubuhi ukabaki dirishani unasubiri zamu yako, na umeshalipa dola elfu nane, ambazo ni kama milioni moja za Kenya. Ndiyo maana orodha hii nimeipanga kwa kigezo kimoja: fedha unayotoa inakupa muda gani na kile ulichokifuata. Bei nilizotaja ni za kawaida kwa mtu mmoja anayechangia kabini, bila tiketi ya ndege.

1. Visiwa vya Falkland, Georgia Kusini na Rasi ya Antaktika: siku 18 hadi 22

Hii ndiyo ya kwanza, na najua ni ghali. Dola 14,000 ni bei nzuri, na 20,000 si ajabu. Lakini kwa mtu atakayekwenda mara moja tu maishani, bora asubiri miaka miwili zaidi na aongeze akiba kuliko kwenda mapema na kuikosa Georgia Kusini.

Ni kisiwa chembamba chenye urefu wa kilomita 170 hivi, kimejaa milima na mito ya barafu, na kipo mbali na kila kitu. Hakuna uwanja wa ndege, na asiyekuja kwa bahari haji. Pale St Andrews Bay kuna pengwini wafalme wapatao jozi laki moja na nusu. Harufu inakufikia kabla boti haijagusa mchanga, na kelele zao hazikomi. Watoto wao wana manyoya mazito ya kahawia, wakubwa kama wazazi wao, na mabaharia wa zamani waliwaona wakadhani ni ndege wa aina nyingine. Kwa kuwa kulea mtoto mmoja huchukua zaidi ya mwaka, hao wa kahawia utawakuta mwezi wowote utakaokwenda. Kanuni inakutaka ukae mita tano mbali nao. Wao hawaijui. Ukisimama kimya wanakusogelea, wanakuzunguka na kuendelea na njia yao.

Pale Grytviken kuna mabaki ya kiwanda cha nyangumi kilichoanza mwaka 1904, na kaburi la Ernest Shackleton, aliyefariki hapo Januari 1922. Hapo pia utaona jinsi kisiwa kinavyolindwa. Panya walioletwa na meli za zamani walikuwa wakila mayai na makinda ya ndege. Wakaangamizwa kwa kazi ya miaka mingi, na mwaka 2018 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina panya tena. Kwa hiyo kabla ya kushuka unageuza soli za buti, unachokonoa mifereji yake kwa kijiti, unapitisha mashine ya kufyonza vumbi kwenye mifuko ya koti na kwenye velkro, halafu mkaguzi anaangalia. Mbegu moja ya nyasi ikikutwa inatosha kukurudisha ukaanze upya. Tangu homa ya mafua ya ndege ifike huko mwaka 2023, hupigi goti ufukweni, huketi, na begi huliweki chini. Wenye magoti mabovu walijue hilo kabla ya kulipa.

Ubaya wa safari hii ni bahari. Kwa jumla, siku saba au nane hamuoni nchi kavu. Mtu anayechafukwa na moyo kwenye boti ya Zanzibar asijidanganye: hapa mawimbi ni makubwa kuliko yale, na hayaishi kwa saa mbili. Lakini siku hizo hazipotei bure. Albatrosi wenye mabawa ya zaidi ya mita tatu huifuata meli bila kupiga bawa, na mihadhara ya wataalamu waliomo melini mara nyingi ni mizuri mno.

2. Rasi ya Antaktika peke yake, meli isiyozidi abiria 200: siku 10 hadi 12

Kwa wengi wetu hii ndiyo itakayonunuliwa, nayo ni safari nzuri kwelikweli. Unaondokea Ushuaia, kusini kabisa mwa Argentina, unavuka Mlango-bahari wa Drake kwa siku mbili, unapata siku nne au tano za kushuka, kisha unarudi siku mbili nyingine. Bei ni dola 7,000 hadi 12,000. Usikubali safari ya siku tisa kwa sababu tu imepungua dola mia tano, kwa kuwa siku iliyokatwa haitoki kwenye Drake, inatoka kwenye siku zako za kushuka.

Mwezi una maana kubwa. Novemba theluji bado safi na pengwini wanajenga viota kwa vijiwe wanavyoibiana. Mwishoni mwa Desemba na Januari makinda yanaanguliwa. Februari na Machi ufuko umechakaa kwa matope na kinyesi, lakini nyangumi wa nundu ni wengi na wamenenepa, na bei hushuka kidogo. Ningekuwa nachagua mwezi mmoja, ningechukua Februari kwa ajili ya hao nyangumi.

Kampuni nyingi zitakuuzia kwa dola elfu mbili au tatu zaidi fursa ya kuvuka mstari wa Duara la Antaktika, latitudo ya nyuzi 66 na dakika 33 kusini. Mstari wenyewe ni maji na barafu kama ya jana yake. Ukilipia, lipia zile siku mbili za ziada, si cheti watakachokupa.

3. Svalbard, visiwa vya kaskazini mwa Norway: siku 7 hadi 10

Kwa ndugu zetu walioko Ulaya hii inaweza kuwa namba moja. Ndege kutoka Oslo inafika Longyearbyen, mji wa Svalbard, kwa saa tatu hivi, hakuna Drake, na bei huanzia dola 4,500. Unakwenda kutafuta dubu weupe, sili wenye pembe na makundi ya ndege kwenye majabali, kati ya Juni na Agosti, na hadi wiki ya tatu ya Agosti jua halizami kabisa. Waislamu wapange mapema na wanazuoni wao namna ya kufuata saa za swala, kwani hakuna machweo wala alfajiri ya kutazama.

Tangu tarehe 1 Januari 2025 sheria zimekazwa: katika maeneo ya hifadhi meli isizidi abiria 200, kushuka ni mahali palipotajwa tu, na dubu hakaribiwi chini ya mita 300, au 500 kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni. Watu wameinung'unikia sheria hii. Mimi naiunga mkono, lakini mnunuzi anatakiwa aielewe: dubu utamwona kwa darubini, na picha za kwenye vipeperushi nyingi ni za zamani au za lenzi ndefu sana. Nunua darubini nzuri kabla ya kununua koti.

Na visa. Svalbard ipo nje ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja. Ukitoka Oslo kwenda huko umetoka Schengen, na kurudi unaingia upya. Mwenye pasipoti ya kwetu aombe visa ya kuingia mara mbili au zaidi, la sivyo atakwama Longyearbyen.

4. Kuruka kwa ndege hadi Kisiwa cha King George, Antaktika

Unapanda ndege Punta Arenas, Chile, na baada ya saa mbili unatua kwenye njia ya changarawe na kupanda meli hapo hapo. Inamfaa mwenye likizo fupi au asiyeivumilia bahari kabisa. Tatizo ni ukungu. Ndege isipotua leo inasubiri kesho, na siku za kusubiri hutoka kwenye safari yako. Inagharimu kuliko namba mbili, mara nyingi kuanzia dola 11,000. Soma mkataba uone wanarudisha nini ndege isipotua kabisa.

5. Tristan da Cunha kutoka Cape Town

Kisiwa kinachokaliwa na watu kilicho mbali kuliko vyote duniani, kilomita 2,800 hivi kutoka Cape Town, wakazi hawafiki 250. Nimekiweka kwa sababu ya jambo moja: Mtanzania au Mkenya anaingia Afrika Kusini bila visa kwa siku hadi 90, na huko nauli ni ndogo. Meli chache za safari hizi hupita hapo zikivuka Atlantiki, Machi na Aprili, na meli ya utafiti S.A. Agulhas II huenda kila mwaka. Kushuka kunahitaji idhini ya baraza la kisiwa, na mawimbi yakikataa mnatazama kijiji kutoka melini na kuondoka. Ni safari ya mtu mwenye subira ambaye bahari yenyewe inamtosha.

Isiyofaa: meli kubwa inayopita tu

Dola 3,000 au 4,000, abiria elfu mbili, siku tatu za kutazama barafu kutoka sitahani. Hutagusa ardhi. Mzee asiyeweza kupanda boti, sawa. Wengine wote, wekeni hiyo fedha benki.

Kabla ya kulipa

Kwa safari za Ushuaia, pasipoti za Tanzania na Kenya zinahitaji visa ya Argentina, na ubalozi uko Nairobi. Omba ya kuingia zaidi ya mara moja, kwa sababu utatoka na kurudi. Falkland na Georgia Kusini zipo chini ya Uingereza, kwa hiyo itake kampuni ikuandikie rasmi pasipoti yako inahitaji nini huko.

Kabini chukua ya sitaha ya chini, katikati ya meli. Ni ya bei nafuu na ndiyo inayoyumba kidogo, wakati vyumba vya juu vyenye baraza vinabembea usiku kucha. Ukisafiri peke yako, uliza kama watakuunganisha na mtu wa jinsia yako, maana kabini nzima kwa mmoja hufika bei mara moja na nusu hadi mbili. Kampuni nyingi hukuazima buti na kukupa koti. Suruali isiyopitisha maji ni juu yako. Chakula halali kiombe kwa maandishi wakati wa kuweka nafasi, wala usisubiri kufika melini.

Bima ya kawaida ya safari haitoshi. Mgonjwa kutoka Antaktika husafirishwa kwa meli au ndege ya kukodi, na zipo kampuni zisizokupandisha bila bima ya uhamisho ya dola laki mbili.

Malipo ya awali huwa asilimia 20 au 25, na salio hudaiwa siku 90 hadi 120 kabla ya kuondoka. Baada ya hapo ukikosa visa, fedha kwa kawaida hairudi. Basi peleka maombi ya visa mapema kadiri ubalozi unavyoruhusu, na kama tarehe ya salio itafika kabla ya jibu, mwandikie wakala akusogezee kwenye msimu unaofuata. Wengi hukubali, mradi hujalipa salio.