Uzoefu wangu na Blue Train ya John Coltrane

Nina albamu hii ya jazz, ya mpiga saksafoni Mmarekani John Coltrane, kwa mwaka na zaidi sasa, na nimeisikiliza vya kutosha kuweza kuiandikia. Niliinunua kwa sababu mjomba alinipa mashine yake ya kupigia santuri, na sikutaka iwe pambo tu sebuleni.

Nakala ya kwanza niliagiza kwa muuzaji wa mtandaoni, ikafika imepinda ukingoni. Sindano ilikuwa inapanda na kushuka kama mtumbwi kwenye mawimbi. Nilibishana naye wiki tatu mpaka akaibadilisha. Kwa hiyo ukinunua santuri, ikague siku ile ile inapofika: iweke kwenye mashine, inama, itazame kwa ubavu inavyozunguka. Nakala ya pili ilikuja safi, na ndiyo ninayoizungumzia.

Blue Train ilirekodiwa siku moja, tarehe 15 Septemba 1957, mjini Hackensack, New Jersey, kwenye nyumba ya wazazi wa fundi sauti Rudy Van Gelder. Sebule yao ndiyo ilikuwa studio. Mchana Van Gelder alifanya kazi ya kupima macho ya watu. Siku hiyo Coltrane alikuwa amebakiza siku nane tu kutimiza miaka 31. Miezi michache nyuma, mpiga tarumbeta Miles Davis alikuwa amemwondoa kwenye bendi kwa sababu ya heroini. Coltrane akaiacha dawa hiyo mwaka huo huo, akaenda kupiga na mpiga piano Thelonious Monk katika klabu ya Five Spot, New York. Mimi siwezi kuisikiliza albamu hii bila kukumbuka hayo. Huyu ni mtu aliyekuwa karibu kupoteza kila kitu, na sasa amesimama mbele ya maikrofoni akiwa na nguvu zake zote.

Wimbo wa kwanza, uliobeba jina la albamu, una dakika kumi na ushee. Saksafoni, tarumbeta na tromboni zinatamka pamoja maneno machache mazito, piano inaitikia. Ni kama kanisani, kiongozi anatoa na waumini wanapokea. Na babu yake Coltrane mzaa mama alikuwa mchungaji. Kisha wapulizaji wenzake wananyamaza, anabaki yeye. Anaanza kwa sauti ndefu, hana haraka, halafu sauti zinaanza kumiminika, nyingi kuliko unavyoweza kuzihesabu, lakini hazigongani. Kuelekea mwisho wa zamu yake, tarumbeta na tromboni zinarudi nyuma yake kumsukuma. Hapo ndipo nywele zinanisimama, mpaka leo.

Jumapili moja nilimwita mjomba aje asikie mashine yake inafanya kazi gani. Ujanani alipuliza tarumbeta kwenye bendi ya dansi, enzi ambazo karibu kila bendi huku kwetu ilijiita Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, ingawa muziki wenyewe ulikuwa mwingine kabisa. Alikaa kimya wakati wote wa saksafoni. Zamu ya tarumbeta ilipofika, akasogeza kiti.

“Huyu ana miaka mingapi?”

Nikamwambia ni Lee Morgan, na siku ile alikuwa na miaka 19.

“Irudishe, mjomba. Irudishe pale pale.”

Niliirudisha mara tatu. Mara ya tatu vidole vyake vya mkono wa kulia vilikuwa vinabonyeza hewa, kimoja kimoja, kana kwamba tarumbeta ameishika.

Moment's Notice ndio wimbo niliochelewa kuupenda. Unachangamka, lakini njia yake inapinda kila baada ya hatua mbili, na wapigaji wanapaswa kupinda nayo bila kujikwaa. Msikilize Paul Chambers anapoacha kudonoa nyuzi za besi kwa vidole na kushika upinde. Sauti inakuwa nzito, ya kukwaruza kidogo, kama mzee anayesimulia.

Upande wa pili, Locomotion kwangu ni wa kawaida. Ni wa kasi, ngoma za Philly Joe Jones ni kali, basi. Lakini I'm Old Fashioned, wimbo pekee ambao Coltrane hakuutunga mwenyewe, anaupiga polepole na kwa upole ambao watu wengi hawamjui nao. Huo nausikiliza usiku, sauti chini. Kisha Lazy Bird inafunga, tarumbeta ikiongoza.

Nimeona watu wakimkimbia Coltrane kwa sababu walianzia Ascension ya mwaka 1965, muziki mgumu hata kwa wazoefu. Anzia hapa. Ni moja ya albamu zake za mwanzo, ya pili tu kuongoza kwa jina lake, na ndiyo pekee aliyoiongozea kampuni ya Blue Note, ambayo iliwalipa wanamuziki wake hata siku za mazoezi. Mazoezi hayo unayasikia: ala tatu za kupuliza zinaingia pamoja na kutoka pamoja.

Kama huna mashine ya santuri, isikilize kwa simu, ila vaa visikizio vizuri. Spika ya simu inaimeza besi yote.

Santuri yangu sasa iko kwa mjomba, pamoja na mashine. Aliazima kwa wiki moja, sasa ni miezi mitatu, na sijamdai.