Bonde la Anduin: juu au chini?

Katika dunia ya hadithi aliyoibuni mwandishi Tolkien, mto Anduin unateremka kusini hadi baharini. Swali ni: sehemu ipi ya bonde lake inavutia zaidi, ya juu au ya chini? Bonde la juu limebanwa kati ya Milima ya Ukungu na msitu wa Mirkwood. Mahobiti (watu wadogo) wa kale waliishi huko, na karibu na vinamasi vya Gladden mfalme Isildur aliuawa mwaka wa 2 wa Enzi ya Tatu, pete yake ya nguvu ikazama mtoni.

Chini ya maporomoko ya Rauros kuna ufalme wa Gondor, bandari ya Pelargir na delta. Utajiri upo, ila Osgiliath, mji mkuu wa zamani, uliungua vitani mwaka wa 1437 wa enzi hiyo hiyo, tauni ikaupiga 1636, na 2475 ukabaki magofu.

Mwandishi wa historia atachagua chini. Mimi, juu: angalau kuna asali ya Beorn, mfuga nyuki awezaye kugeuka dubu.