Mfanyakazi yuko Pemba ya Msumbiji, ofisi yako iko Mtwara: je, usajili kampuni kule au umpitie wakala wa kuajiri?

Kwanza, mtu anayefanya kazi Pemba analindwa na sheria za Msumbiji, hata kama mshahara unatoka Mtwara. NSSF unayolipa huku haifuti INSS, mfuko wa hifadhi ya jamii wa kule. Kwa mshahara wa meticali 20,000, mwajiri anatoa 4% (800), mfanyakazi anakatwa 3% (600), na kodi ya mapato, IRPS, inahesabiwa peke yake.

Kwa gharama, wakala anashinda ukiwa na mtu mmoja au wawili: unamlipa ada ya kila mwezi, naye ndiye mwajiri kisheria. Kampuni yako inadai usajili, mhasibu anayejua Kireno na marejesho kila mwezi, hata msimu wa korosho ukiisha.

Kwa uhakika, kampuni yako ni bora, kwani stakabadhi za malipo ya INSS unazishika mwenyewe. Wakala akichelewesha INSS, anayekwama akiugua ni mfanyakazi wako. Kwa hiyo dai stakabadhi kabla ya kutuma fedha za mwezi unaofuata.

Unajaribu soko tu? Wakala anatosha. Ukipanga ghala na watu kumi, sajili.