FEFO za kliniki: kidonge kizuri, maelezo haba

Vidonge vya FEFO, yaani madini ya chuma na vitamini ya foliki, wanavyopewa wajawazito kliniki vinafanya kazi yake. Tatizo ni dirisha la dawa: "kimoja kwa siku", basi. Chai, ya rangi au ya maziwa, huzuia chuma kufyonzwa. Meza saa moja kabla yake, kwa maji ya limau au chungwa. Kichefuchefu kikizidi, hamishia usiku baada ya chakula. Choo kuwa cheusi ni rangi ya chuma tu, ingawa wengi huacha dawa hapo. Angalia pia dozi: foliki ya miligramu 5 hudhoofisha SP, dawa wanayopewa wajawazito kuzuia malaria, ya 0.4 haina shida. Bahasha ya karatasi huingiza unyevu. Tumia chupa yenye kifuniko, mbali na watoto, maana kwao ni sumu.