Epson L805 na uso wa bibi: uzoefu wangu, Moshi

Printa hii niliinunua kwa sababu ya bibi. Nilimpiga picha mgombani kwake Kibosho, kivulini, na kwenye simu makunyanzi yote yalionekana, mpaka uzi wa kitenge chake. Nilipoipeleka mjini kusafishwa, ikarudi uso umekuwa doa jeusi lenye macho. Mama aliitazama, akaifunika mezani, hakusema neno.

Sasa nina miezi minane na L805. Ni printa ya matangi, unajaza wino wa chupa za mililita 70, habari ya katriji hakuna. Uzuri wake uko kwenye rangi sita. Pamoja na nyeusi, njano, samawati na majenta, kuna samawati hafifu na majenta hafifu, na hizo mbili ndizo zinazobeba picha. Printa ya rangi nne ikitafuta rangi nyepesi hutawanya vitone vya wino mkali, ukisogeza jicho unaviona shavuni kama vumbi. Hii inatoka kwenye mwanga kwenda kivulini polepole. Nimetoa picha ya Kibo ya alfajiri, theluji ya upande wa kivuli ikabaki na ubluu wake.

Ila karatasi, jamani! Mwanzoni nilichukua karatasi nyepesi za kung'aa kwenye duka moja karibu na stendi. Wino ulituama juu. Saa nzima baadaye nikapitisha kidole, ukaja nacho. Nikatafuta za gramu 260 kwa mita ya mraba, zenye mng'ao wa wastani, nikachagua aina hiyo ya karatasi kwenye kompyuta kabla ya kuprinti. Usiruke hatua hiyo. Ukiacha palipoandikwa karatasi ya kawaida, printa inapima wino kwa karatasi ya kawaida, na rangi zinatoka zimefifia hata kama karatasi ni ya bei.

Uso mweusi nao unataka kazi ya ziada. Skrini ina taa yake, karatasi haina, kwa hiyo kivuli kinachosomeka kwenye simu kinazama kikifika kwenye karatasi. Mimi huinua mwanga wa vivuli kidogo, natoa kipande cha uso tu, natoka nacho barazani nikitazame kwa mwanga wa mchana. Kwa bibi nilitoa vipande vinne. Cha nne mama alikishika kwa mikono miwili.

Ndugu wakikutumia picha kwa WhatsApp, waambie waitume kama dokumenti, maana ikitumwa kawaida inaminywa. A4 nzuri inataka pikseli, yaani vile vitone vinavyounda picha, kama 2480 kwa 3508.

Printa yoyote ya wino ikikaa bila kazi, matundu yake hukauka, kwa hiyo kila wiki natoa picha moja ndogo yenye rangi zote. Masika karatasi nazifungia kwenye mfuko wake zisivute unyevu. Picha naiacha ikauke siku nzima ndipo iingie kwenye fremu ya kioo, na siitundiki panapopigwa na jua, kwa sababu wino wa aina hii hupauka.

Kama kazi yako ni barua na fomu, rangi nne zinakutosha. Kama ni nyuso za watu, chukua hii, na ununue chupa za akiba za zile rangi mbili hafifu. Kwangu ndizo zilizotangulia kuisha.